Mswada wa Fedha 2024 uliangushwa na video, au na bei ya mafuta ya kupikia?

Wakuu, salaam. Kila Juni ikifika vijana wenzangu hapa Mombasa husema TikTok ndiyo iliyouangusha Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024, ule wa kodi mpya. Wazee hujibu kwamba simu huharibu macho tu. Mimi niko na vijana, ila si kwa sababu wanayoitoa wao.

Mswada ule uliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mama yangu anauza mahamri Majengo. Asingeusoma hata angeletewa mlangoni. Nilimwonyesha video ya dakika moja hivi, binti anaeleza kwa Kiswahili cha mtaani: VAT ya 16% kwenye mkate, ushuru wa 25% kwenye mafuta ya kupikia. Mama akaliacha karai linachemka, akaishika simu kwa vidole vya unga. "Rudisha hapo pa mafuta." Tukarudisha mara tatu. Alikuwa anapiga hesabu ya mtungi wake wa lita 20.

Hasira alikuwa nayo siku nyingi. Alichopata pale ni hesabu. Tena video za majuma yale zilikuja na kazi ya kufanya: nambari za wabunge zikasambazwa, watu "wakawasalimia" kwa simu usiku na mchana, tarehe ya maandamano ikatajwa. Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza, mkate na mafuta vikaondolewa mswadani. Juni 25 watu wakaingia bungeni, na kesho yake Rais Ruto akasema hatatia saini.

Linganisheni na ile video ya Wamarekani ya Machi 2012 iliyotaka Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa Uganda, akamatwe. Ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwa muda wa wiki moja, Wamarekani wakanunua bangili za kampeni hiyo. Ilipoonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu walioumizwa na Kony mwenyewe, wakaja juu kwa hasira. Mwaka 2017 Marekani na Uganda zikaacha msako, Kony hajapatikana. Mwenye shida hakuwa ndiye anayezungumza, basi.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji: Mkuu, hesabu yako imeacha deni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilihesabu vifo 39 kufikia mwanzo wa Julai, na visa 82 vya watu kutekwa au kutoweka kufikia Desemba 2024. Ukionyesha sura yako kwenye video umetoa anwani. Halafu Desemba hiyohiyo baadhi ya ushuru ule ukarudi kupitia sheria nyingine. Video zilikuwa wapi?

Mleta mada: La sura nakubali, ndugu yangu, tena linanitisha. Lakini Juni 17, 2025 mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi Nairobi, kwa karibu kabisa, kamera zikiwa zinarekodi. Askari akakamatwa. Bila picha ile, mimi naamini tungeambiwa ni risasi iliyopotea njia. Na anayerekodi si lazima aonekane; hilo vijana wameanza kulijua.

La Desemba linaniuma. Mama alikuwa na oda za sikukuu hadi usiku, nami nilikuwa namkandia unga. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikumwonyesha kitu.