Mjadala: Mepo irudishiwe familia yake, au ibaki na mshokishoki?

Wakuu, leo tubishane kuhusu miti. Mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, ulikuwa na familia yake, Aceraceae, tangu Jussieu alipoitambua mwaka 1789. Mwaka 1998 jopo la wanabotania liitwalo APG likapanga upya familia za mimea itoayo maua kwa kufuata DNA, na Aceraceae ikafutwa. Mepo ukahamishiwa Sapindaceae, kwa mshokishoki na mlichi. Toleo la 2016 limeuacha huko huko.

Mimi nasema irudishwe.

Shika tawi la mepo uliangalie. Majani hutoka mawili mawili, yakitazamana. Tunda ni pacha: mbegu mbili zimeshikana, kila moja na bawa lake, na zikianguka huzunguka kama pangaboi. Sasa nenda kwa mshokishoki. Majani yanapishana kwenye tawi, kila jani lina vijani kadhaa, na tunda ni lile la manyoya tunalolimenya Unguja. Mwanafunzi akiambiwa hii ni familia moja, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Jibu analopewa ni "DNA imesema". Hapo ndipo sikubali. DNA ilionyesha nani yuko karibu na nani. Mstari wa familia upigwe wapi, haikusema. Kilicholeta tabu hasa ni Xanthoceras, mti wa China wenye spishi moja tu, ambao kwa vipimo vya wakati ule ulionekana kujitenga mapema kuliko wenzake wote. Familia inatakiwa iwe na wazao wote wa babu mmoja, kwa hiyo ukitaka Aceraceae isimame, lazima Xanthoceras nao upewe familia yake, na Aesculus, kundi jingine la miti lililomo Sapindaceae, vilevile. Mwaka 2010 Buerki na wenzake walipendekeza hivyo hivyo: familia nne. Undugu ulioonyeshwa na DNA unaruhusu. APG wao wakabaki na moja kubwa, na huo ni uamuzi wa watu waliokaa mezani.

Mchangiaji: Mkuu, umechagua mepo unaokufaa. Acer negundo ana vijani kwenye jani lake, na bado ni mepo. Dipteronia, nduguye wa karibu kule China, bawa limeizunguka mbegu yote. Majani kutazamana? Hata Aesculus anayo. Halafu familia ya spishi moja inatufundisha nini? Familia ipo ili ituonyeshe undugu.

Mtoa mada: Undugu si lazima uonekane kwenye ngazi hiyo. Ipo oda ya Sapindales, ngazi ya juu ya familia, humo wamo wote hawa, hadi mwembe na mkorosho. Negundo nakupa kwa majani; lione tunda lake, hutauliza tena. Na familia ya spishi moja mbona zipo? Ginkgoaceae leo imebaki na Ginkgo biloba tu, sijasikia mtu akidai ifutwe.

Mchangiaji: Ginkgo hana ndugu wa karibu aliye hai, kaka. Utamhamishia kwa nani? Xanthoceras ndugu anao, na wewe ndiye unayetaka kumtoa nyumbani.