Fundi wa mashine ya kupimia Mwanjelwa: laki mbili na sitini zimeondoka, taa bado inawaka, na sensa yangu amebaki nayo

Wakuu, nina hasira na hawa mafundi wa kuchomeka kidude, kusoma namba, kisha kukutuma dukani.

Gari ni Allion, injini 1ZZ. Mwezi wa sita, baridi la Mbeya mnalijua, natoka Uyole asubuhi; sijafika hata Sae, taa ya cheki injini hiyo. Gari inatetemeka nikisimama, ikipata moto inatulia. Nikapeleka gereji moja Mwanjelwa, jina naliweka kapuni. Elfu ishirini ya kupima. Kodi ikatoka P0171 (kodi ya gari hiyo, yaani namba ya hitilafu, siyo ya TRA). Fundi hata boneti hajafungua: "Mzee, oksijeni sensa imekufa."

Nikamwambia mapema kabisa, tena mara mbili: taa inawaka asubuhi za baridi tu. Tangu ianze nilishakaa Dar siku tisa, gari haikuniletea neno. Akanijibu ni hewa ya Mbeya, huku juu ni nyepesi.

Hapo ndipo naomba tuelewane. P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema hewa imezidi, petroli haitoshi. Sasa hewa ikiwa nyepesi si ndiyo inapungua? Kompyuta inapima hewa inayoingia na kupunguza petroli ilingane nayo, ndiyo maana magari ya mji huu yanapanda mpaka kule Kawetere bila taa yoyote. Na hiyo oksijeni sensa, inayonusa moshi unaotoka injini, ndiyo shahidi aliyepiga kelele. Huyu bwana kamfunga shahidi, mwizi kamwacha.

Sensa ya mtumba 130,000, ufundi 15,000. Siku mbili, taa ikarudi na namba ileile. "Basi ni sensa ya hewa," ile inayopima hewa inayoingia. 95,000 nyingine. Ile ya zamani ilihitaji kusafishwa tu labda, nani ajuaye, hakuijaribu. Safari ya tatu akachomoa betri dakika kumi, taa ikazima, akanipa mkono wa pongezi. Kesho yake asubuhi inaniangalia tena. Akaanza kutaja kompyuta ya gari. Nikaondoa gari.

Nikaenda kwa mzee mmoja Igawilo. Swali lake la kwanza: inawaka saa ngapi? Akaniambia niiache ilale kwake, asiiwashe mpaka asubuhi. Kulipokucha akawasha na mashine yake ya kawaida tu, ila yeye hakuishia kwenye kodi, alifungua namba zinazocheza. Gari imesimama inaunguruma, kompyuta inaongeza petroli asilimia 24. Akapiga resi mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi 6. Akasema ingekuwa pampu au filta ya petroli, kwenye resi ndiyo ingezidi. Hii inapungua, maana yake kuna hewa ya wizi inaingia nyuma ya sensa ya hewa bila kuhesabiwa. Kwenye resi hewa halali inakuwa nyingi, ile ya wizi haionekani sana.

Akapuliza kabureta klina (ile dawa ya kopo ya kusafishia) kidogo kidogo pale manifoldi ya kuingizia hewa inapokutana na injini. Mngurumo ukabadilika palepale. Gasketi! Huo mpira wa kuziba maungio umekakamaa kwa uzee, baridi likiupiga unasinyaa na kuachia upenyo, injini ikipata moto unatanuka na kuziba. Ndiyo sababu Dar gari ilikuwa nzima, ndiyo sababu mchana ilikuwa inanidanganya. Gasketi 25,000, ufundi 30,000. Wiki ya pili sasa, na asubuhi ni baridi lilelile.

Kilichoniuma zaidi ya hela: sensa yangu ya kwanza ilikuwa Denso, imekuja na gari kutoka Japani, nzima. Mzee alipotazama ile niliyofungiwa akacheka, akaniuliza ya kwako iko wapi? Sikurudishiwa, na mimi kwa ujinga sikudai. Sasa hivi inawezekana iko kwenye gari ya mtu mwingine, kauziwa laki na thelathini.

Ukipeleka gari kwa fundi wa namna hii, usitoke gerejini bila spea yako ya zamani mkononi, hata kama imeungua.

Kesho saa tatu niko pale kwake kuidai. Akiniambia ameitupa, atanipeleka kwenye hilo jalala tukaitafute wote wawili.