Afisa lishe: nisome masta kwanza au nikomae na uongozi hapahapa?

binti_wa_ziwa: Habari wadau. Mimi ni afisa lishe kwenye halmashauri moja kanda ya ziwa, digrii nilichukua SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine. Kila nikiuliza mambo ya kupanda naambiwa kasome masta. Sasa mi najiuliza, chuoni tumefundishwa kupima utapiamlo, mlo wa mgonjwa wa kisukari, maziwa ya tiba ya F-75 na F-100 kwa watoto wenye utapiamlo mkali, ila hakuna mwalimu aliyetufundisha ufanye nini pale hela ya lishe inapohamishiwa kwenye mafuta ya gari na we umekaa hapohapo kikaoni unatazama tu. Hiyo masta itanisaidia kweli?

Mzee wa Kikao: Dada, we si ndo katibu wa kamati ya lishe ya halmashauri? Mwenyekiti ni mkurugenzi, ila ajenda na taarifa unaandaa wewe, hapo ndo penye nguvu yako asee. Kuna mkataba wa lishe, wakuu wa mikoa walianza kusaini 2017, wakasaini tena 2022 mbele ya Rais Samia, na halmashauri inatakiwa itenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Piga hesabu, una watoto 40,000 hiyo ni milioni 40. Usilalamike kwenye kikao, weka mezani tu iliyotengwa, iliyotoka na iliyobaki, halafu nyamaza. Kadi alama, ile karatasi ya rangi inayoonyesha nani katimiza mkataba, inapanda mkoani, na hakuna mkurugenzi anapenda kuonekana mwekundu, yaani kashindwa. Masta utasoma tu, haikimbii.

Otis_254: Mzee nakuheshimu ila hapo kwa masta sikubaliani. Huku Kenya tuna KNDI, taasisi inayosajili wataalamu wa lishe, tangu ile sheria ya 2007, bila kusajiliwa na kuwa na leseni hufanyi hii kazi, iwe una cheti, diploma au digrii. Lakini kusajiliwa ni mlango tu, ukifika kwa promosheni kaunti wanaangalia karatasi, nimeona watu wazuri sana wa diploma wakisimamiwa na vijana waliowafundisha kazi wodini wenyewe. Inauma lakini ndio hivyo. Soma dadangu, hata kama ni jioni na wikendi.

Mama Zuu, Ohio: Msidhani huku ni tofauti. Chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilianzia hapahapa Cleveland 1917, wakati wa vita, akina mama kina Lulu Graves na Lenna Cooper wakifikiria watu watakula nini chakula kikipungua. Leo kuanzia Januari 2024 bila masta huruhusiwi hata kukaa kwenye mtihani wa usajili, na bado kuna mafunzo ya vitendo yasiyopungua masaa 1,000, wengi hawalipwi wakiwa mafunzoni. Mimi naona wanafungia nje watoto wa maskini, tena wale wanaojua ugali na mlenda wa wagonjwa wetu. Ukisoma binti, chagua kozi yenye bajeti na sera ndani, sio kurudia biokemia tena.

binti_wa_ziwa: Asanteni wakubwa zangu. Mzee, hiyo taarifa ya iliyotoka na iliyobaki naipata kwa mweka hazina moja kwa moja au lazima nipitie kwa mganga mkuu?

Mzee wa Kikao: Andika barua kwa mkurugenzi, nakala kwa mganga mkuu. Asije akasema umemruka.