Naomba ushauri: nembo moja kwa maduka ya mtaani yanayouza vyakula bora

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi na wenzangu wachache tunataka kuyapa maduka madogo ya mtaani sura moja: nembo, rangi na kibao, ili mpita njia akiona tu ajue humo kuna matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, siyo soda na biskuti tupu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Utazipata wapi kama duka la jirani halina hata tunda moja?

Kinachotuumiza kichwa ni friji. Wenye maduka wengi hupewa friji na kampuni za soda, mara nyingi kwa sharti zikae bidhaa zao tu. Ukiingia, kinachokukaribisha ni tangazo linalowaka taa, na mboga za majani zimelazwa chini nyuma ya magunia, zimeshanyauka. Kibandiko chetu kitashindana vipi na hapo?

Halafu jina. Mwenzetu anang'ang'ania neno "afya" liwepo. Mimi naona linanuka dawa. Mteja atadhani ni chakula cha wagonjwa, au bei imepanda.

Na duka likishapewa nembo kisha likaacha kuleta mboga, tunaing'oa? Nani akague, kila baada ya muda gani? Hasara ya mboga zinazooza aibebe nani? Aliyewahi kufanya kitu cha namna hii, hata kwa bidhaa nyingine, naomba anisaidie.