Naomba ushauri: "blow up" na "go off" kwenye mabango ya usalama, nitumie kitenzi gani?

Mfasiri_Isingiro
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Najitolea kutafsiri mabango ya usalama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili huku Nakivale, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, Uganda. Wasomaji wengi ni ndugu zetu waliotoka Kongo. Kiingereza hawakijui, kwa hiyo wanategemea tulichoandika sisi.

Kinachonisumbua ni "blow up" na mwenzake "go off". Kamusi inaanza na kulipuka, halafu inaongeza maana juu ya maana mpaka unapotea. Sentensi zenyewe hizi hapa:

"The cylinder may blow up if left near fire."
"Blow up the jacket by mouth if the cord fails."
"If the alarm goes off, leave the building at once."
"Do not cook food that has gone off."

Hiyo ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi. Mwenzangu ameiandika "king'ora kikizimika, tokeni nje". Mimi naona hatari, yeye anashikilia kwamba "off" ni kuzima. Naombeni hoja, si jibu tu, maana sina budi kumshawishi. Na kama kuna visawe vya Kiingereza vilivyo wazi zaidi, nitampelekea aliyeandika mabango.

Mwalimu_Mbale
Ndugu, bango hilo lisibandikwe. Watu watakaa ndani king'ora kikilia, wakingoja kinyamaze ndipo watoke.

Hoja ya kumpa mwenzako hii hapa: Waingereza husema "the alarm went off and woke me up". Saa iliyozimika inamwamshaje mtu? "Go off" kwa king'ora, saa, bunduki au bomu ni kitu kilichokuwa kimetulia kuanza kazi yake ghafla. Ni kwa vitu kama taa na umeme ndipo inapokuwa kuzimika au kukatika. Kwa chakula ni kuharibika, na hapo ni Kiingereza cha Uingereza. Wamarekani hupendelea "go bad".

Kwa hiyo asitafsiri "off". Aanze kwa kuuliza ni kitu gani kinachotenda. King'ora kinalia, bomu linalipuka, bunduki inafyatuka, umeme unakatika, maharagwe yanachacha. Kiingereza kinatumia vazi moja kwa wote hao, sisi kila mmoja ana lake.

"Blow up" nayo ina njia yake: tafuta mtendwa, yaani kinachofanyiwa tendo. Mtungi wako hauna mtendwa, basi unalipuka. "They blew up the bridge" ina mtendwa, basi walilipua daraja. Umbo la Kiingereza halibadiliki, letu linabadilika: lipuka, lipua, lipuliwa. Lakini mtendwa akiwa puto, mpira au jaketi la kuokolea maisha, maana yake ni kupuliza, kujaza upepo. Ukiandika "lipua jaketi" utamtisha abiria wa mtumbwi bure.

Zipo na maana nyingine, ingawa kwenye mabango yako huenda usizikute. Picha ikiwa "blown up" imekuzwa. Mtu aki-"blow up" amepandwa na hasira, amefoka. Msanii aliye-"blow up" amevuma ghafla. Dhoruba nayo huzuka. Angalia pia kiwakilishi kinapokaa: "blow it up", kamwe si "blow up it".

Afande_Mstaafu
Mwalimu amenena vizuri. Naongeza la bunduki, kwa sababu Kiswahili nimekiishi jeshini, na jeshi letu limekitumia tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza.

"His gun went off" ni bunduki yake ilifyatuka. "He fired his gun" ni alifyatua bunduki. Herufi moja hiyo inabeba kesi nzima. Ya kwanza haisemi aliyevuta kifyatulio, ya pili inamtaja. Mfasiri wa taarifa asibadilishe moja kuwa nyingine kwa kupenda ufasaha, kuna mtu atakayefungwa au kuachiwa kwa kitenzi hicho.

Na "go off" haina mtendwa kabisa inapokuwa na maana ya kulipuka. Huwezi ku-"go off" bomu. Kwa mtu aliyesababisha wanasema "set off". Uganda ilitangaza mwaka 2012 kwamba imemaliza kuondoa mabomu ya kutegwa ardhini, lakini mtoto akiokota chuma asichokijua bado tunamwambia asikiguse. Kwenye bango la namna hiyo "set off" ni kusababisha mlipuko, hata kama aliyekanyaga hakukusudia.

Dada_wa_Goma
Mimi niko Kyaka II, makazi mengine ya wakimbizi hapa Uganda, nazungumza kama msomaji wa mabango hayo. Kiswahili mnachoandika ni kizuri, ila kumbukeni sisi tumekua na Kifaransa pembeni. Andikeni "king'ora (sireni)", wazee wataelewa haraka. Mtungi wa gesi wengi wetu tunauita chupa ya gazi. Na "kimechacha" acheni, wekeni "kilichoharibika", hapo hakuna atakayekosea.

Kulipuka hakuna shida. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na tena Mei 2021, neno lilikuwa hilohilo midomoni mwa watu. Najua Kiingereza kina "erupt" kwa mlima, lakini msihangaike kututafutia neno jingine.

Msomi_Wandegeya
Kuhusu visawe. "Explode" inafaa kwa mtungi, haina maana za pembeni nyingi. "Burst" ni kupasuka: tairi, bomba, puto. Waganda tuna okutulika kwa tairi, kwa hiyo tofauti hiyo tunaijua tayari. "Detonate" ni ya wataalamu, mara nyingi mlipuko unaosababishwa kwa kusudi, na asili yake ya Kilatini ni kunguruma kama radi. "Explode" ina historia ya ajabu zaidi: kwa Kilatini ilikuwa kumfukuza mwigizaji jukwaani kwa kumpigia makofi ya kumzomea. Mambo ya baruti yalikuja baadaye sana.

Mwombe mwandishi aweke "explode" kwa mtungi, "inflate" kwa jaketi, "sounds" kwa king'ora, "spoiled" kwa chakula. Bango lisilo na vitenzi vya maneno mawili linamfaa hata Mganda anayesoma Kiingereza chenyewe.

Mfasiri_Isingiro
Asanteni sana, wote. Mwenzangu amesoma hoja ya saa ya kuamshia na amekubali bila ubishi. Nimeandika hivi:

"Mtungi (chupa) wa gesi unaweza kulipuka ukiachwa karibu na moto."
"Kamba isipofanya kazi, puliza jaketi kwa mdomo."
"King'ora (sireni) kikilia, tokeni nje ya jengo mara moja."
"Usipike chakula kilichoharibika."

Dada_wa_Goma
La tatu sasa hata bibi yangu ataelewa. La kwanza anza na katazo, watu wengi hawamalizi mstari: "Usiache chupa ya gazi karibu na moto. Inaweza kulipuka."

Mwalimu_Mbale
Naunga mkono. Na hiyo "kamba" iseme ni ya kuvuta, vinginevyo mtu atadhani ni ile ya kujifungia kiunoni.