Tupeane uzoefu: mtoano wa singo za disko na posti-panki, toleo la awali dhidi ya rimiksi

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam kwenu. Hapa kwangu Tabata tuna mchezo tunaoupenda kuliko karata, tunauita mtoano wa singo, yaani nyimbo zilizotolewa mojamoja kwenye santuri. Mmoja analeta wimbo wa posti-panki, yaani zile bendi zilizoibuka Uingereza na Marekani baada ya wimbi la panki la 1976 na 1977. Mwenzake anajibu kwa wimbo wa disko wa enzi hizohizo, au kwa rimiksi ya wimbo uleule, yaani toleo lililotengenezwa upya. Zote mbili zinasikilizwa mpaka mwisho kwa sauti ileile, kisha tunapiga kura. Aliyeleta wimbo hapigi, na kura isiyo na sababu haihesabiwi.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini jambo moja na nataka kulipima kwa masikio yenu. Mpambano wa namna hii hauamuliwi na mwimbaji. Unaamuliwa na besi, na ile nafasi ambayo mtayarishaji ameiachia ipumue. Rimiksi inayoongeza vitu hushindwa, inayopunguza hushinda.

Naanza na fainali yetu: "Blue Monday" ya bendi ya New Order dhidi ya toleo lake la 1988. Ya awali ilitoka Machi 1983, lebo ya Factory Records ya Manchester, santuri ya inchi 12, dakika saba na nusu. Jalada la Peter Saville limefanana na diski laini ya kompyuta, na jina la bendi limefichwa ndani ya msimbo wa rangi. Ule mdundo wa mwanzo unaogonga peke yake ni mashine ya ngoma ya Oberheim DMX. Ile kwaya ya mbali imechukuliwa kwenye "Uranium" ya bendi ya Kraftwerk. Gillian Gilbert, mpiga kinanda wa bendi, alikuwa akiingiza noti moja moja kwa mkono, akaruka moja, ndiyo maana tuni ya kinanda inapishana kidogo na ngoma. Mimi kupishana huko ndiko kunaninyanyua kitini.

Ya 1988 ilisimamiwa na mtayarishaji Quincy Jones akiwa na John Potoker. Ni fupi zaidi na imejaa vikorombwezo. Kwenye chati za Uingereza ilifika nafasi ya 3, wakati ya awali iliishia ya 9. Sebuleni kwetu ilichapwa vibaya. Mke wangu ndiye aliyetoa sababu nzuri kuliko zote: "Ya kwanza inanisubirisha. Ya pili inanipa kila kitu mlangoni."

Karibuni. Nani alipambana na nani, nani alishinda, na kwa nini. Nawasilisha.

Mtoto wa Kisauni

Mkuu, hoja yako naikubali nusu. Sisi Mombasa tulifanya mpambano huu mbele ya mjomba wangu, aliyepiga gita la besi miaka mingi kwenye bendi za hoteli za watalii. Nikamwekea bendi ya Primal Scream: "I'm Losing More Than I'll Ever Have" ya 1989, halafu "Loaded" ya 1990, ambayo ni wimbo uleule baada ya kupita mikononi mwa DJ Andrew Weatherall.

Mjomba aliusikiliza ule wa kwanza akasema ni wimbo wa mapenzi ulioimbwa vizuri, basi. Ilipoanza "Loaded" akanyamaza, akaanza kutembeza vidole gotini. Weatherall amemwondoa karibu kabisa mwimbaji. Amebakisha tarumbeta na gita la kuteleza, akaleta drams zilizokatwa kutoka toleo la Kiitaliano la wimbo wa Edie Brickell, na sauti ya mwigizaji Peter Fonda kutoka filamu ya 1966. Sasa angalia: amepunguza, na ameongeza pia. Mjomba akasema, "Huyu amebomoa nyumba akaijenga upya kwa matumbawe yaleyale, ila mlango ameuelekeza baharini."

Kura zote zikaenda kwa rimiksi. Kwa hiyo swali langu kwako mwanzisha mada: kama kuongeza ni kosa, mbona Weatherall kashinda?

Jirani wa Magomeni

"Bizarre Love Triangle" ya New Order, 1986. Toleo la albamu dhidi ya rimiksi ya Shep Pettibone. Rimiksi imeshinda kwangu, kwa shemeji na kwa fundi aliyekuja kurekebisha feni akakaa mpaka saa nne usiku. Sababu: kwenye albamu kiitikio kinakuja mapema mno, Pettibone anakukawiza mpaka unakidai mwenyewe.

Na yeye ameongeza vitu kibao, mkuu. Hoja yako inayumba.

Nesi wa Salford

Shikamooni wakubwa. Mimi nafanya kazi za usiku huku, na mwenzangu wa zamu ni dada wa Lubumbashi, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Wakati wa mapumziko tunagawana simu, kila mmoja anachezesha wimbo wake.

Usiku mmoja yeye alileta "Good Times" ya Chic. Mimi nikaleta "Death Disco" ya Public Image Ltd (PiL). Zote ni za 1979, majira yaleyale ya joto. Ukizisikiliza kwa kufuatana unaona zinaanza na wazo moja: besi ikae mbele, gita likae pembeni. Bernard Edwards wa Chic anaipanga ile besi kwa unadhifu mpaka mwaka uleule kundi la rap la Sugarhill Gang wakaijengea "Rapper's Delight". Jah Wobble wa PiL naye anaipiga nzito, inazunguka palepale, huku Keith Levene akipachika tuni ya "Swan Lake" ya Tchaikovsky kwenye gita linalokwaruza.

Halafu John Lydon, mwimbaji wa PiL, anaanza kulia. Haimbi kama muziki wa kanisani wala wa kumbi. Mama yake alikuwa akifa kwa saratani, na Lydon mwenyewe amesimulia kwamba alimwomba amtungie wimbo wa disko wa mazishi yake. Mimi mama yangu alifia Tanga nikiwa huku, sikuwahi kuzika. Nilipofahamu wimbo huu unahusu nini, nilielewa kwa nini mtu anaweza kuomba disko kwenye msiba wake. Anataka waliobaki miguu yao iendelee.

Dada wa Lubumbashi akaupigia kura wimbo wangu kabla sijamweleza chochote. Sababu yake: "Ile ingine inafurahi. Hii inahitaji kuchezwa." Kwa hiyo kaka, mimi napinga kidogo kwamba mwimbaji hana neno. Besi imebeba, sawa, lakini imebeba nini?

Bujumbura Nyumbani

Ndugu zangu, mmezunguka Manchester na New York bila kupita kwetu, na kwetu ndiko mojawapo ya mizizi ilipo. Naomba nikae hapa kidogo.

Mwaka 1967 Wafaransa walirekodi ngoma za Burundi, santuri ikatolewa na lebo ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki Mfaransa, Mike Steiphenson, akachukua rekodi hiyo, akaifunika kwa piano na magita, ikaitwa "Burundi Black". Mwimbaji Joni Mitchell naye akaitumia rekodi ya ngoma hizo mwaka 1975. Ilipofika 1980, meneja Malcolm McLaren alikuwa amemsikilizisha mwimbaji Adam Ant mdundo huo, halafu McLaren huyohuyo akawachukua wanamuziki wa Adam akaunda nao bendi ya Bow Wow Wow. Adam akatafuta bendi mpya yenye wapiga drams wawili. Ndipo zikatoka "Dog Eat Dog" na "Kings of the Wild Frontier" za Adam and the Ants, na "C·30 C·60 C·90 Go" ya Bow Wow Wow, zote mwaka huo mmoja. Uingereza nzima ikawa inacheza kitu walichokiita mdundo wa Burundi. Mwaka 1981 "Burundi Black" ikafanyiwa rimiksi kwa ajili ya klabu, Rusty Egan akiwa mmoja wa walioishughulikia.

Jina lililoandikwa pale ni la Steiphenson. Wapigaji wetu hawatajwi mmoja mmoja popote. Hilo linaniuma na nitaendelea kulisema.

Sasa mpambano wenyewe. Tulikuwa kwenye arusi ya binamu, usiku umekwenda, wamebaki vijana. Mmoja wa binamu zangu ni mpiga ngoma, amefundishwa Gishora, karibu na Gitega, kwenye makao ya kale ya ngoma za kifalme. Nikamchezea tatu: rekodi ya 1967, rimiksi ya 1981, na "Kings of the Wild Frontier".

Ili mfahamu alichosema, lazima mjue ngoma zetu zinavyopangwa. Ngoma zinachongwa kwa mti tunaouita umuvugangoma. Katikati husimama inkiranya, ngoma inayoongoza. Upande mmoja kuna amashakwe, wanashika mdundo mmoja bila kuchoka. Wengine ni ibishikizo, wanaifuata inkiranya inapogeuka. Wachezaji hupokezana kuingia katikati, kila anayeingia anaongoza kwa mtindo wake, anaruka, kisha anampisha mwingine.

Binamu aliusikiliza wimbo wa Adam mpaka mwisho, akauheshimu. Akasema: "Vijana hawa wamesikia amashakwe. Inkiranya hawakuisikia." Nikamwelewa papo hapo. Wapiga drams wawili wanashika mdundo uleule kwa nguvu, unavutia, unakusimamisha, lakini hakuna anayeingia katikati kuwageuza wenzake. Kuhusu rimiksi ya 1981 alikuwa mkali zaidi. Piano inajifanya kiongozi, na ngoma za watu waliozaliwa kuongoza zimegeuzwa kuwa wasindikizaji.

Kura yetu ilikwenda kwa rekodi ya 1967. Kama mtasema si singo, basi itoeni mashindanoni. Ila mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo ya kifalme kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na hakuna rimiksi yoyote humu iliyofika huko.

Mwanzisha mada

Mkuu wa Bujumbura, inabaki mashindanoni. Na umenisaidia kumjibu Mtoto wa Kisauni pamoja na Jirani. Weatherall ameongeza, kweli, lakini alipomwondoa mwimbaji alimkabidhi mtu mwingine uongozi. Zile tarumbeta zilikuwa wasindikizaji kwenye wimbo wa 1989, na kwenye "Loaded" ndizo zinazogeuza kila kitu. Kwa lugha ya binamu yako, amebadilisha inkiranya. Quincy Jones na Potoker waliongeza watu uwanjani, wakaacha kiongozi yuleyule afunikwe. Naiacha hoja ya kupunguza, naishika hii.

Mama Santuri

Nairobi hapa. Mimi hununua santuri zangu Kenyatta Market, na mashindano ninayafanya na binti zangu, kwa hiyo bendi ya ESG huwa haikosi. Ni dada wa ukoo wa Scroggins kutoka South Bronx. Mama yao aliwanunulia vyombo ili wasishinde mitaani. Mwaka 1981 Martin Hannett, mtayarishaji yuleyule wa bendi ya Joy Division, aliwarekodi. Kazi ilipokwisha mkanda ulibaki na dakika kama tatu, akawauliza kama wana kitu kingine. Wakapiga "UFO".

Nesi wa Salford, unaishi karibu na historia hii: ESG walipiga usiku wa ufunguzi wa klabu ya Haçienda, 21 Mei 1982.

Mpambano wetu ulikuwa "Moody" dhidi ya "UFO", zote za ESG. Binti mkubwa alisimama na "Moody", kwa sababu ile besi haina hata noti moja ya kujionyesha na bado ndiyo wimbo wote. DJ Larry Levan aliipiga sana kwenye klabu ya Paradise Garage, na ukiisikiliza kwa spika kubwa utajua kwa nini. Mdogo alisimama na "UFO", kwa sababu ya ule mlio wa gita mwanzoni unaokuja kama onyo. Tukaupiga wimbo kwa kasi ya mizunguko 33 kwa dakika badala ya 45, ukawa mzito, wa kutisha, tukautambua: tumeusikia kwenye hip hop maisha yetu yote. Ma-DJ na watayarishaji waliukata vipande visivyohesabika. Mwaka 1992 ESG wakatoa santuri yenye maneno haya kwenye jina lake: "Sample Credits Don't Pay Our Bills". Kutajwa jina tu hakulipi bili za nyumba. Bujumbura, najua utalielewa hilo haraka.

Yaliwapata bendi ya Liquid Liquid pia. Besi ya "Cavern" ya 1983 ndiyo iliyokuwa "White Lines" ya rapa Melle Mel mwaka uleule, mpaka wakafikishana mahakamani. Kwangu "Cavern" inashinda kwa mbali, kwa sababu mwenye besi ndiye anayejua pa kunyamaza.

Nyumbani "UFO" ilishinda kwa kura moja. Binti mkubwa bado anadai marudiano.

Mdau wa Muscat

Mimi nina moja tu. "Confusion" ya New Order, 1983, waliyoitengeneza New York na mtayarishaji Arthur Baker, dhidi ya rimiksi ya Pump Panel ya 1995. Walio wengi waliisikia kwenye filamu ya "Blade" bila kujua asili yake. Kura yangu: Pump Panel. Sababu: mlio mmoja wa kinanda unaongoza kila kitu na hauombi msaada kwa mtu. Binamu wa Gishora angekubali.

Bujumbura Nyumbani

Nimemchezea asubuhi hii. Hajakubali. Anasema anayeongoza lazima achoke na ampishe mwingine, na mlio ule hauchoki.

Mwanzisha mada

Basi mpambano unaofuata ni wa wote: "Close to Me" ya bendi ya The Cure, singo ya 1985 yenye tarumbeta, dhidi ya rimiksi ya DJ Paul Oakenfold ya 1990. Sikilizeni zote mpaka mwisho. Sababu moja kwa kila kura.

Nesi wa Salford

1985. Robert Smith, mwimbaji wa The Cure, anahema mwanzoni kabla hajaimba neno lolote, na makofi yale yanamfuata yeye. Dada wa Lubumbashi anasema Oakenfold. Zamu yetu inaisha saa moja, tutaendelea kubishana kwenye basi.

Jirani wa Magomeni

Oakenfold. Sababu naiandika baada ya kumsikilizisha fundi feni, kesho anarudi kwa ajili ya jokofu.