Mtwara: duka la vyakula asilia, soko kuu au kwa mkulima mwenyewe? Naomba ulinganisho

Mgeni_toka_Njombe

Habari za humu wakuu. Nipo Mtwara mwezi wa pili sasa, nimekuja kumuuguza wifi yangu anaishi Shangani, presha ilimsumbua mpaka akalazwa ila saivi yupo nyumbani anaendelea vizuri. Jirani yake kamwambia aachane na vya sokoni vyote ahamie organiki, yaani vyakula vya kilimo hai, basi juzi tukaenda wote kwenye duka moja hapa mjini. Duka safi, mwenye duka mkarimu kweli, katukaribisha na chai ya mchaichai. Shida ni bei. Korosho "mbichi asilia" robo kilo 14,000 wakati sokoni kwa hela hiyo nimebeba nusu kilo. Chumvi ya pinki kimfuko kidogo 9,000. Unga wa mlonge, na mti wa mlonge wifi anao uani kwake! Tukaongeza asali na mafuta ya nazi, jumla 86,000, na hiyo ni hela ya mboga ya wiki mbili nyumba nzima.

Niliuliza vimelimwa wapi na nani, nikajibiwa "dada hivi ni vya asili, havina kemikali". Mi nimekulia kwenye viazi, najua mvua ikizidi na hujapiga dawa ya ukungu unavuna majani meusi, kwa hiyo hilo jibu halinitoshi. Simlaumu mtu, nataka tu kujua kwa nyumba ya watu watano mmoja ana presha ipi ni bora: duka, soko kuu, au kwenda kwa mkulima mwenyewe?

Mbanguaji_Newala

Karibu kusini dada. Naongelea korosho maana ndo maisha yangu, mama alibangua na mi nabangua. Korosho mbichi ya kweli haiuzwi dukani kokote. Ganda lake lina mafuta makali yanaunguza ngozi, ukiona vidole vya anayebangua bila kujikinga utaelewa, kwa hiyo lazima ipigwe mvuke au ikaangwe kwanza ndo ibanguliwe, alafu inakaushwa tena ili lile gozi la ndani litoke. Ile nyeupe wanayoiita mbichi imeshapita motoni, kilichobaki tu ni kuikaanga na chumvi. Ni korosho nzuri, ila jina linapotosha.

Sasa kuhusu dawa. Mikorosho huku ikianza kutoa maua inashambuliwa na ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga, ukiuacha maua yanakauka na msimu umekupita. Ndo tunapuliza salfa. Wengi hawajui kwamba salfa ni madini na viwango vya kilimo hai vinairuhusu. Kwa hiyo mkulima anayepuliza salfa peke yake anaweza akawa organiki kabisa, jirani yake anayetumia dawa za maji za kiwandani hawezi, na korosho zao zikishamwagwa ghala moja hakuna jicho la kuzitenganisha. Kwa hiyo ukifika dukani muulize, huyu mkulima wenu alipuliza salfa au ya maji? Anayelijua shamba atakujibu papo hapo. Kwa bei, nenda kwa wabanguaji wa mtaani, zionje kwanza zisiwe na ladha ya mafuta yaliyochacha.

MamaWawili_Lindi

Kwenye chumvi hapo nimeumia jamani. Hiyo ya pinki inachimbwa kwenye miamba Pakistani, rangi inatokana na chuma. Kwa presha ya wifi yako ni chumvi ileile tu, sodiamu haijali rangi. Na sisi huku pwani ya Lindi na Mtwara watu wanalima chumvi kwa jua na maji ya bahari, mashamba yako pale ukipita barabarani unayaona.

Kikubwa angalia pakiti kama ina madini joto, ya pinki nyingi hazina. Madini joto ndo yanazuia goita, na kwa mama mjamzito yanalinda ubongo wa mtoto, hilo wala sio la kubahatisha. Alafu Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo unahesabu pia ile iliyomo kwenye ng'onda na papa mkavu tunaopenda sisi. Loweka ng'onda, mwaga maji, rudia, ndo upike. Hiyo itamsaidia wifi kuliko kimfuko cha 9,000. Mafuta ya nazi nayo karibu yote ni mafuta mgando, wakati hapa kwetu ufuta umejaa, kamua wa kwetu au tumia alizeti.

Asilia_Masasi

Nimesoma kwa makini, sitaki kugombana na mtu ila mnaliangalia hili kwa mlaji tu. Baba yangu alipuliza dawa kwenye mbaazi na nyanya miaka mingi, hana glovu hana kitambaa puani, bomba linavuja mgongoni, akirudi ananawa maji kidogo anakula. Siku hizi kifua kinambana mpaka usiku analala amekaa. Siwezi kuapa kwamba ni dawa zile, lakini nilikuwepo naona. Kwa hiyo mi nikinunua cha kilimo hai sitafuti vitamini za ziada, nalipia kwamba kuna baba wa mtu mwingine hakuivuta ile sumu. Kwangu hiyo ina thamani na nitailipia.

Ila nakubaliana na mgeni, jibu alilopewa halitoshi. Afrika Mashariki tuna kiwango cha kilimo hai toka 2007 na alama yake inaitwa Kilimohai. Wakulima wanakaguliwa na kampuni ya ithibati, au kikundi kinakaguana chenyewe kwa utaratibu unaotambulika, na ukaguzi una gharama, ndo maana bei inapanda. Ukiona alama au jina la kikundi, lipa kwa moyo mmoja. Usipoona, hiyo 14,000 umelipia neno.

Nesi_mstaafu

Binti yangu, pole kwa kuuguza. Swali langu ni moja kabla ya yote: wifi bado anameza vidonge vyake kama alivyoandikiwa? Nimefanya kazi wodini miaka mingi, wagonjwa wa presha niliowaona wakirudishwa na machela wengi walikuwa wamepata kitu cha asili wakapunguza dawa. Mlonge ni mboga nzuri, mpikie majani na nazi kidogo, ila haushiki nafasi ya kidonge.

Pia msiamini kwamba cha asili hakina sumu. Muhogo mchungu unaota wenyewe na sumu yake ya saianaidi, usipolowekwa na kukaushwa vizuri unaleta konzo, miguu inapooza na hairudi. Sumukuvu nayo inatokana na ukungu wa asili tu, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kwa hiyo kwenye mahindi na karanga mi siangalii duka wala soko, naangalia vilikaushwa wapi na vimehifadhiwaje. Vikiwa na ukungu, vimesinyaa au vimebadilika rangi, acha hata kama ni bure.

Mgeni_toka_Njombe

Nimechelewa kurudi, samahanini. Mama nesi Mungu akubariki. Nilivyosoma ujumbe wako nikaenda kuhesabu vidonge, wifi alikuwa anameza nusu toka siku ile tulivyotoka dukani, anasema jirani alimwambia mlonge unatosha. Nimelia. Amerudi kwenye dozi kamili na Jumatatu tunaenda kliniki akapimwe.

Dukani nimerudi pia na swali la salfa. Mwenye duka hakujua, akampigia aliyemuuzia mbele yetu, naye hakujua, alizinunua kwa mtu. Yule dada mwenye duka hapo hapo akabandua karatasi ya "asilia" kwenye chupa la korosho akasema hatairudisha mpaka ajue zinatoka shamba gani. Nilimheshimu sana, na asali bado nanunua kwake maana anayerina anamjua na akanipa namba yake.

Ulinganisho wangu mpaka sasa: mboga, samaki, muhogo na chumvi ya madini joto soko kuu, korosho kwa mbanguaji, ufuta tumeenda kwa mkulima mwenyewe na nauli ilikula faida yote kwa hiyo mpaka tujikusanye na majirani. Sokoni nimekutana na kina mama wanauza ming'oko ya kuchemsha, ni kama viazi vya porini, wameichimba wenyewe, hakuna aliyeipuliza chochote na bei ni ya kawaida kabisa, wifi kala kwa raha mpaka nikafurahi. @Asilia_Masasi, huko kwenu kuna kikundi chenye ile alama kinachouza mbaazi? Ningependa kilo 5 kabla sijarudi Njombe.

Asilia_Masasi

Kipo dada. Nicheki inbox, gari la Mtwara linatoka asubuhi ntakutumia.